Kaskazi Isiyo na Joto: Baridi ya Minnesota na Jamaa Zetu Walioko Huko

Kwetu Pwani, kaskazi ni jina la upepo na ni jina la msimu. Inapoingia mwezi wa Disemba, mikeka hutolewa uani, watoto hulala madirisha wazi, na feni hazipumziki usiku wala mchana. Joto hupanda Januari, likazidi Februari na Machi, na watu wakawa wanaulizana kusi itaanza lini. Kisha huja kipupwe cha Julai, kina mama wakatoa masweta kabatini na kuwafunga watoto wachanga leso kifuani, wakisema kwamba mwaka huu baridi imezidi. Kipimajoto cha usiku huo husoma nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Hiyo ndiyo baridi yetu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Februari 1996, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1416 Hijria, Mombasa ilikuwa katika kaskazi yake ya kila mwaka. Siku hiyo hiyo, katika mji mdogo uitwao Tower, kaskazini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, kipimajoto kilisoma nyuzi 51 chini ya sifuri. Wamarekani, ambao hutumia vipimo vya Farenhaiti, waliandika 60 chini ya sifuri. Hakuna kipimo rasmi cha chini zaidi ya hicho kilichopata kuandikwa katika jimbo hilo. Gavana wa wakati huo, Arne Carlson, aliamuru shule zote za jimbo zifungwe siku hiyo.

Tukitaka kuielewa idadi hiyo, na tuitazame friza ya nyumbani tunamohifadhia samaki na nyama ya Idi. Friza nzuri huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Mtu aliyefungua mlango wake Tower asubuhi ile alikutana na hewa yenye baridi kuliko hiyo ya friza kwa zaidi ya nyuzi 30.

Mtu aweza kuuliza, ya nini kuyaandika haya katika gazeti la familia za Pwani? Ni kwa sababu wako miongoni mwetu wenye watoto, ndugu na mashemeji katika majimbo hayo ya baridi. Tunawapigia simu, tunawauliza hali, wanatujibu kwamba ni wazima na kwamba baridi ipo kidogo. Nasi hatujui ni swali gani tungepaswa kuuliza baada ya jibu hilo.

Bahari ndiyo iliyotuzoeza vibaya

Mtu wa Pwani amelelewa na bahari bila ya kujua. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, kwa hivyo mji ulio kando ya bahari hauunguzwi sana mchana wala haupoi sana usiku. Jua nalo, kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, huwa juu ya vichwa mwaka mzima, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, Januari na Julai.

Minnesota imenyimwa yote mawili. Iko katikati ya bara kubwa, mbali na bahari zote, ikipakana na Kanada upande wa kaskazini. Ina maelfu ya maziwa, lakini karibu yote huganda wakati wa baridi, yakawa magumu kiasi cha watu kuendesha magari juu yake. Mwezi wa Disemba mchana wake haufiki saa tisa. Jua hupita chini chini upande wa kusini na kuzama mnamo saa kumi na nusu jioni, kwa hivyo mtoto aliyetoka shule alasiri huingia nyumbani na Magharibi. Ardhi hufunikwa na theluji nyeupe, na weupe huo huurudisha angani mwangaza wa jua badala ya kuuacha upashe udongo. Usiku ukiwa hauna mawingu, joto dogo lililosalia hupaa, na hewa nzito ya baridi huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo sababu vipimo vya chini kabisa huandikwa vijijini na katika miji midogo ya mabondeni, wala si katika miji mikubwa yenye majengo na magari mengi.

Juu ya hayo yote upo mzunguko mkubwa wa hewa ya baridi unaokaa juu ya Ncha ya Kaskazini. Kwa kawaida pepo kali za juu angani huuzunguka kama ukuta na kuufungia huko huko. Baadhi ya miaka ukuta huo hulegea, na hewa ya ncha hushuka kusini hadi majumbani mwa watu.

Kutoka Utange hadi kwenye theluji

Wakazi wa Mombasa wenye umri wa kutosha wanaikumbuka kambi ya Utange. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya familia zilikimbilia Kenya. Nyingine zilipelekwa Dadaab, nyingine zikafika kwetu kwa vyombo vya baharini na kwa barabara, wakiwemo watu wa Mogadishu na wa Barawa, ambao Chimiini chao ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Waliswali nasi, wakauza nasi sokoni, watoto wao wakacheza na wetu. Kisha miaka ikapita, kambi za Mombasa zikafungwa, na wengi wakatawanyika.

Sehemu kubwa yao waliishia Minnesota. Walianza kufika mapema miaka ya 1990, wakivutwa na kazi za viwandani na baadaye na jamaa waliotangulia. Leo jimbo hilo lina jamii kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani. Mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis una majengo marefu ya ghorofa yanayojulikana kwa wakazi wake kutoka Afrika Mashariki, una misikiti, maduka ya vitambaa na migahawa ya pilau na chai ya maziwa. Mwaka 2020, wakati wa Ramadhani ya ule ugonjwa wa korona, adhana ilisikika hapo kwa vipaza sauti, na mwaka 2023 baraza la mji liliruhusu adhana ya sala zote tano.

Mmoja wa watoto wa Utange ni Ilhan Omar, aliyeishi kambini na familia yake miaka minne kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1995, na baadaye Minneapolis. Januari 2019 aliapishwa kuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Mwezi huo huo, mji anaouwakilisha ulipigwa na baridi ambayo watu wanaisimulia hadi leo.

Siku mbili za Januari 2019

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha Minneapolis kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri. Huo ulikuwa ukali wa hewa tu. Upepo ulipoongezwa katika hesabu, mwili wa mtu aliyesimama nje ulipoteza joto kana kwamba ni nyuzi 48 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi, iwe ni pua, sikio au shavu, huanza kuganda kwa dakika chache tu. Siku iliyofuata kijiji cha Cotton, kaskazini mwa jimbo, kiliandika nyuzi 49 chini ya sifuri. Katika jimbo la Illinois, lililo kusini zaidi, mji wa Mount Carroll uliandika nyuzi 39 chini ya sifuri, na hiyo ikawa rekodi mpya ya jimbo lote.

Shule za Minneapolis zilifungwa. Posta, ambayo Wamarekani hujivunia kwamba haisimamishwi na mvua wala theluji, ilisimamisha kupeleka barua. Na usiku ule likatokea jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia: gesi ya kupashia nyumba joto ilianza kupungua katika mabomba ya baadhi ya maeneo, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa ikichoma kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Baadhi ya nyumba zilikatikiwa kabisa, na wenyewe wakahamishiwa hotelini. Kampuni ya gesi ikawaomba wateja wake wapunguze joto la nyumba zao hadi nyuzi 17 hivi, ili kila mtu apate kidogo. Ombi hilo liliondolewa siku ya pili yake.

Tulitafakari kidogo ombi hilo. Watu waliambiwa, katika usiku wa baridi kali kuliko yote waliyoyaona kwa miaka mingi, wakubali kuona baridi kidogo wenyewe ili jirani wasiyemjua asife. Hapo ndipo penye siri ya maisha ya nchi hizo, nasi tutairejea.

Namna baridi inavyomchukua mtu

Wengi wetu hudhani kwamba baridi ni maumivu, na kwamba mtu mwenye subira huyavumilia. Kwa hakika maumivu ni mwanzo tu, nayo ni rehema, kwa sababu humtahadharisha mtu. Mwili unapopoa hutetemeka ili ujipashe. Ukizidi kupoa, kutetemeka hukoma, na hapo ndipo hatari ilipo. Akili huanza kufifia. Mtu hujikwaa, husema maneno yasiyoeleweka, hutaka kukaa apumzike kidogo. Wengine katika hatua ya mwisho huhisi joto la uongo na kuvua makoti yao, wakakutwa hivyo asubuhi. Aliyefika hapo hawezi tena kujiokoa, kwa kuwa akili ambayo ingemwambia yumo hatarini ndiyo iliyotangulia kupotea. Ni lazima awepo mtu mwingine wa kumwona.

Kisa kimoja cha Minnesota kinajulikana sana. Usiku wa Disemba 1980, karibu na kijiji cha Lengby, binti wa miaka 19 alikuwa akirudi nyumbani gari lake likateleza na kuingia mtaroni. Baridi ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Akaliacha gari na kutembea kuelekea nyumba ya rafiki aliyemfahamu. Alifika hatua chache tu kutoka mlangoni, akaanguka. Alilala hapo nje kwa muda wa saa sita, mpaka mwenye nyumba alipotoka asubuhi na kumkuta amekakamaa kama gogo. Hospitalini sindano haikuweza kupenya ngozi yake, na kipimajoto cha mwili hakikusoma kitu. Wauguzi walimfunika kwa vitambaa vya kupasha joto, jamaa zake wakawa wanamwombea, na kabla ya adhuhuri akaanza kusema. Alipona. Madaktari wenyewe walistaajabu.

Watu hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya muujiza wake. Sisi kina mama na tukitazame kwa ajili ya zile hatua chache zilizosalia. Waliokuwa ndani ya nyumba ile hawakujua kwamba kuna mtu njiani. Lau mtu mmoja angelikuwa anamngoja na kujua saa yake ya kufika, asingelala nje hata robo saa.

Na wapo ambao hawakupata muujiza. Tarehe 12 Januari 1888, katika nyanda za Nebraska, Dakota na Minnesota, asubuhi iliamka na ujotojoto usio wa kawaida, na watoto wakaenda shule bila ya makoti mazito. Mchana dhoruba ya theluji ikashuka ghafla, hata mtu asiweze kuuona mkono wake mwenyewe. Walikufa watu wapatao 235, wengi wao watoto waliokuwa njiani kurudi makwao. Wapo walimu waliokaa na wanafunzi wao darasani mpaka asubuhi, na watoto hao wakasalimika. Kutokana na hayo, dhoruba ile ikaitwa kwa jina la watoto.

Yale waliyojifunza

Watu wa majimbo hayo hawaishindi baridi kwa ushujaa. Huishinda kwa matayarisho na kwa sheria, na wageni kutoka kwetu hujifunza moja baada ya jingine.

La kwanza ni nyumba. Katika mji wa Minneapolis, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kisheria kuhakikisha kwamba wapangaji wake wanapata joto lisilopungua nyuzi 20 katika miezi ya baridi. Msomaji akumbuke kwamba nyuzi 20 ndicho kile kipimo cha usiku wetu wa Julai tunapotoa masweta. Nayo maji ya mferejini huganda ndani ya mabomba na kuyapasua, kwa hivyo usiku wa baridi kali watu huacha mfereji udondoke kidogo kidogo, maana maji yanayokwenda hayagandi upesi.

La pili ni mavazi. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja zito, kwa sababu hewa inayokaa baina yake ndiyo inayohifadhi joto. Pamba, ambayo sisi tunaipenda kwa leso na madera, haifai kuwa ndiyo iliyogusa mwili, kwa kuwa hunyonya jasho na kukaa na unyevu, na unyevu huita baridi. Sufi hufaa zaidi. Buibui na jilbabu huvaliwa kama kawaida, ila chini yake huwa kuna suruali nene, soksi za sufi na viatu virefu. Na katika glovu, zile zinazoviweka vidole vinne pamoja katika mfuko mmoja zina joto kuliko zile zenye nyumba ya kila kidole. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto, kikitengwa kimoja kimoja kila kimoja hupoa.

La tatu ni gari. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na mafuta ya injini huwa mazito kama samli. Wengi huiunganisha injini na umeme usiku kucha ili isigande. Ndani ya gari huwekwa mablanketi, koleo, tochi, maji na chakula, na tangi la petroli haliachwi likashuka chini ya nusu. Na kanuni inayorudiwa kila mwaka ni hii: gari likikwama, baki ndani ya gari, pigia simu watu, usianze kutembea. Binti wa Lengby angeweza kuwa mwalimu wa somo hilo.

La nne linatuhusu hata sisi wa hapa. Moto wa makaa hauwashwi ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Jiko ambalo kwetu huwekwa uani lisimdhuru mtu, katika chumba kilichozibwa kila upenyo kwa sababu ya baridi huweza kuimaliza familia nzima kwa usiku mmoja. Nchini mwetu pia, katika sehemu za bara zenye baridi, misiba ya namna hiyo imetokea. Kijana anayekwenda ughaibuni apewe wasia huu pamoja na dua.

Dini imeyaona haya kabla yetu

Wako wazee wanaohofia kwamba baridi hiyo huwapotezea watoto wao ibada. Na wapoe nyoyo. Dini haikuteremshwa kwa ajili ya watu wa nchi za joto peke yao, na Waarabu wa jangwani walizijua nyusiku za baridi kali.

Amr bin Al-As, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa amiri katika msafara wa Dhatu Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Alichelea kwamba akikoga ataangamia. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake Alfajiri. Waliporudi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuuliza juu ya jambo hilo, naye akataja aya ya Sura ya An-Nisaa inayomkataza mtu kujiua. Mtume akatabasamu na hakumlaumu. Vivyo hivyo imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba katika usiku wa baridi na upepo, mwadhini aliamrishwa awatangazie watu waswali katika makazi yao. Na kupaka juu ya khofu badala ya kuosha miguu ni ruhusa inayojulikana, usiku na mchana mmoja kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri, kwa masharti yake. Aliye na njia ya kuyapasha maji moto atayapasha, na mwenye mushkili atawauliza wanazuoni. Lililo muhimu ni kwamba kuilinda nafsi si udhaifu wa imani. Anayemwambia mwanawe avumilie tu, atoke na baridi ile kwa kuwa waumini ni watu wa subira, amesema lisilosemwa na dini.

Aliye peke yake

Tukirudi kwenye siku zile za Januari 2019, waliokufa katika majimbo ya kaskazini kwa sababu ya baridi ile walizidi ishirini. Ni wachache sana tukilinganisha na mamilioni ya watu waliokuwa katika baridi hiyo hiyo. Wapo waliokutwa nje usiku bila ya mtu kuwatazama, na wapo walioanguka karibu na nyumba zao wenyewe. Nyuzi zilikuwa zile zile kwa wote. Mara nyingi kilichowatenga waliosalimika na waliokufa ni kuwepo kwa mtu mwingine.

Jijini Chicago, siku zile zile, mama mmoja anayefanya biashara ya nyumba alifikiria watu wanaolala kwenye mahema kando ya barabara. Alikodi vyumba 30 vya hoteli kwa fedha zake mwenyewe, akaomba wenye magari wamsaidie kuwabeba watu. Wasiomjua wakaanza kuchangia, na kabla baridi haijapita zaidi ya watu mia moja walikuwa wamelala ndani. Hakuwa na ofisi wala cheo. Aliuliza tu nani yuko nje.

Huko Minnesota ipo pia sheria ya majira ya baridi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, mtu aliyeshindwa kulipa bili ya umeme au gesi hulindwa asikatiwe joto la nyumba, kwa sharti kwamba aipigie simu kampuni, aeleze hali yake na akubaliane nayo namna ya kulipa kidogo kidogo. Vilevile ipo namba ya simu, 211, ambayo mwenye shida huipiga akaelekezwa penye msaada. Sheria hiyo ni nzuri, lakini inamfaa mtu anayesema. Anayenyamaza kwa haya huweza kukatiwa.

Sisi tulio huku

Na hapa, kina mama na kina baba, ndipo makala haya yanapotugusa.

Kijana wetu aliyeko ughaibuni ametuzoesha mwisho wa mwezi. Fedha huja, karo hulipwa, dawa za bibi hununuliwa, paa hukamilishwa. Inapofika Januari, sisi tuko katika msimu wa kufungua shule na tunamwongezea maombi. Yeye yuko katika mwezi ambao bili ya joto ni kubwa kuliko miezi yote. Mwana mwema hatasema. Ataona ni aibu kumwambia mamake kwamba mwezi huu haiwezekani. Atatuma fedha, atapunguza joto la chumba chake, atalala na koti, na atakapopigiwa simu atajibu kwamba ni mzima na baridi ipo kidogo.

Basi na tubadilishe maswali yetu. Tusimuulize tu baridi ikoje, kwa maana jibu lake tunalijua. Tumuulize: Unakaa na nani? Jirani yako ni nani, na anayo namba yako? Nyumba ina joto? Bili ya mwezi huu umeilipa, ama umeipeleka huku kwetu? Ukitoka kazini usiku, nani anajua saa ya kurudi kwako? Usipofika, nani atakutafuta? Na kisha tumwambie lile ambalo hatathubutu kulisema mwenyewe: mwanangu, mwezi huu usitutumie, lipa joto la nyumba kwanza, sisi Mungu atatusitiri.

Huenda mwezi mmoja huo tukabana matumizi. Paa litangoja kusi. Watu wa Minnesota walipunguza joto la nyumba zao kwa ajili ya majirani wasiowajua. Hatutashindwa kupunguza mahitaji yetu kwa ajili ya mtoto tuliyemzaa.

Baina ya Mombasa na Minneapolis kuna saa tisa wakati wa majira ya baridi. Tukimaliza Isha saa mbili za usiku, kwao ni saa tano za asubuhi, na jua lao dogo limeshatoka. Kaskazi itakapoingia tena, mikeka ikawa uani na watoto wakawa wanalalamika joto, huo ndio wakati mzuri wa kupiga simu. Aulizwe polepole, na asiachwe akate simu kwa neno "mzima" peke yake.